Kurisiti Hesabu Ukubwani: Mwongozo kwa Aliyejiambia Hana Kichwa cha Hesabu

Kila mwaka madarasa ya jioni hupata watu wazima wenye F moja inayowatesa. Kiswahili wana C, Uraia wana C, Biolojia wana D, halafu Hesabu F. Wengine wana watoto sekondari, wengine ni mafundi, walinzi, wauza duka, wahudumu wa zahanati. Ukimuuliza yeyote kwa nini amechelewa kurisiti, yaani kuurudia mtihani, jibu halibadiliki: "Mwalimu, mimi sina kichwa cha hesabu." Anayesema hivyo huenda jana tu amekaa na wenzake wa kikoba wakagawana faida ya mwaka mpaka shilingi ya mwisho, na hakuna aliyelalamika.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimeufuatisha mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania kwa sababu ndio ninaoufundisha. Anayehangaika na uhasibu, Kiarabu au kompyuta atajua mwenyewe cha kuchukua na cha kuacha.

Kwanza, kuhusu kujiambia "naweza"

Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, amechunguza kwa miaka mingi tofauti kati ya anayeamini akili ni kitu unachozaliwa nacho na anayeamini akili hukua kwa kufanyiwa kazi. Yule wa kwanza akikwama huona siri yake imefichuka. Wa pili akikwama huona hapo ndipo pa kujifunzia. Wazo hilo limesambaa kila mahali, na kwa kusambaa limegeuka maneno ya kubandika ukutani: jiamini, unaweza, hakuna lisilowezekana. Yabandike tu ukipenda, ila swali la logi halitishiki na bango.

Utafiti wenyewe unazungumza kwa kiasi. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa darasa la tisa katika shule za umma Marekani. Walipewa somo fupi, lisilofika saa moja, linaloeleza jinsi ubongo unavyoimarika kwa kazi ngumu. Waliokuwa nyuma kimasomo wastani wao ulipanda kwa takriban pointi 0.1 kwenye mizani ya pointi 4. Kwa somo la muda mfupi namna hiyo, si haba. Lakini pointi hiyo haimtoi mtu kwenye F. Na faida ilionekana zaidi kwenye shule ambako wanafunzi wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawaoni aibu kuhangaika na kazi ngumu.

Ninavyoyasoma matokeo hayo, imani inakufikisha mezani tu. Ukishakaa, kinachoilisha ni ushahidi: swali lililokushinda Jumanne ambalo Ijumaa umelitoa, limeandikwa kwa mwandiko wako, na hakuna anayeweza kukubishia. Kwa hiyo hatua zinazofuata hazikudai uamini chochote. Zinakudai ufanye, halafu utazame ulichofanya.

Hatua ya 1: Ivunje ile sentensi

Chukua karatasi, andika juu kabisa: "Sina kichwa cha hesabu." Chini yake andika mambo ambayo kweli huwezi kuyafanya, moja moja, kwa jina lake. "Hesabu zote" halikubaliki. Andika: siwezi kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nachanganyikiwa hasi ikikutana na hasi. Sijui kusoma jedwali la logi. Matrisi sikuwahi kuziona, mwalimu aliondoka tukiwa kidato cha nne na hakuletwa mwingine.

Orodha inaweza kuwa ndefu na kutisha. Afadhali hiyo kuliko ile sentensi ya juu, kwa sababu kila kilichomo kina mwisho. Kichwa hakiendi kufundishwa popote, lakini kujumlisha sehemu kuna mahali kunakofundishwa, na wengi hukumaliza kwa siku chache wakikaa nako vizuri.

Wengi wakifika hapa hugundua kwamba karibu kila walichokiandika kina historia. Mmoja alihamishwa shule katikati ya mwaka, mwingine aliugua malaria wiki ya sehemu, mwingine alichapwa ubaoni na tangu hapo akawa anakaa nyuma. Huna haja ya kuyasamehe hayo yote leo. Inatosha kujua kwamba shimo lina mahali lilipoanzia.

Hatua ya 2: Jipime kabla hujasoma chochote

Karatasi za mitihani iliyopita zinapatikana kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na kwenye steshenari yoyote yenye mashine ya fotokopi karibu na shule. Chukua moja ya miaka ya karibuni. Kaa nayo bila saa, bila kitabu, ujaribu kila swali, hata kwa mstari mmoja. Ni zoezi chungu na watu wengi hulikwepa kwa kusema "ngoja kwanza nisome soma". Usingoje. Ukisoma bila kujipima utasoma unachokijua, maana ndicho kitamu.

Ukimaliza, tafuta mtu au majibu ya kusahihishia, na karatasi hiyo usiitupe. Kila ulipokosa weka herufi moja kati ya hizi tatu: K kwa "sikujua kabisa", T kwa "nilijua lakini niliteleza", na L kwa "sikuelewa lugha ya swali". Kazi ya kila herufi ni tofauti. K inataka kufundishwa. T inataka mazoezi na kuhakiki. L inataka kitu ambacho watu wachache hukiita hesabu, nacho nitakifikia.

Wanaorisiti wengi hutarajia karatasi ijae K. Inapojaa T na L, hukaa kimya kidogo.

Hatua ya 3: Rudi nyuma hadi unapokanyaga ardhi

Hapa ndipo watu wazima wanapokwama kuliko pengine pote, na kinachowakwamisha ni aibu. Mtu wa miaka 34 hataki kuonekana kwenye daladala na kitabu cha darasa la tano. Kifunike gazeti, lakini kisome. Aljebra ya kidato cha pili imekalia sehemu na namba hasi za shule ya msingi, na hakuna njia ya pembeni.

Anza na sehemu. Andika ½ + ⅓ kisha uikokotoe bila kufikiri sana. Kama umepata 2/5, umejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa la zamani kuliko sisi sote. Tena unaweza kujionyesha mwenyewe kwamba haiwezekani: 2/5 ni ndogo kuliko ½ uliyoanza nayo, na wewe ulikuwa unaongeza. Tafuta kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 6, uandike 3/6 + 2/6, upate 5/6. Kujiuliza "jibu hili linawezekana kweli?" kutakufaa mpaka mwisho wa mtihani kuliko kukariri kanuni.

Kisha rudia MAGAZIJUTO. Karibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri wenye mtego mmoja ambao haujulikani vya kutosha. Kokotoa hii:

12 − 5 + 3

Anayeifuata MAGAZIJUTO neno kwa neno atajumlisha kwanza, 5 + 3 ni 8, kisha 12 − 8 apate 4. Jibu ni 10. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, hivyo unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia: 12 − 5 ni 7, 7 + 3 ni 10. Ukitaka kuanza na kujumlisha, itabidi ukumbuke kwamba ile alama ya kutoa ni mali ya 5 na inatembea nayo: −5 + 3 ni −2, na 12 − 2 ni 10. Nimeona watu wakigundua hili wakakasirika, na wana haki. Walikuwa wanafuata walichofundishwa, wanakosa, wanajiita vilaza.

Kaa kwenye hatua hii muda wowote inaoutaka. Sehemu, desimali, asilimia, namba hasi, mabano, vipeo. Ukiviacha nusu nusu utavilipia kwenye kila mada ya mbele.

Hatua ya 4: Swali likikugomea

Weka utaratibu, kwa sababu ukigomewa bila utaratibu unarudi kwenye "sina kichwa". Utaratibu ninaopendekeza ni huu. Soma swali mara mbili. Andika ulichopewa na unachotakiwa kutafuta. Kama kuna umbo, lichore hata vibaya. Jaribu kwa dakika 15 au 20, uandike, usikae ukitazama tu. Zikiisha, fungua mfano uliotolewa kitabuni unaofanana nalo, uufuate mstari kwa mstari mpaka ujue kila mstari umetoka wapi. Kisha funga kitabu. Chukua ukurasa mtupu, ulitoe upya kutoka mwanzo.

Kufunga kitabu ndiko kunakorukwa. Mtu anasoma jibu, anatikisa kichwa, "aah, kumbe", anageuza ukurasa. Ameelewa jibu la mtu mwingine. Kulitoa mwenyewe ni jambo jingine, na linabaki halijafanyika.

Tuchukue mfano wa kawaida:

3(x − 2) − 2(x − 5) = 9

Mwanafunzi anafungua mabano: 3x − 6 − 2x − 10 = 9. Anakusanya: x − 16 = 9. Anapata x = 25, anapiga mstari chini, anaridhika. Mwambie arudishe 25 kwenye mlinganyo: 25 − 2 ni 23, mara 3 ni 69. 25 − 5 ni 20, mara 2 ni 40. 69 − 40 ni 29. Tulitaka 9.

Hapa watu hugawanyika. Mmoja anafuta yote kwa hasira. Mwingine anapanda nao mstari kwa mstari kutafuta mahali ulipoharibikia, na anakuta: −2 ikizidishwa kwa −5 inatoa +10. Kumbe mlinganyo ni 3x − 6 − 2x + 10 = 9, yaani x + 4 = 9, x = 5. Anarudisha: 5 − 2 ni 3, mara 3 ni 9. 5 − 5 ni 0, mara 2 ni 0. 9 − 0 ni 9. Kimekaa. Aliyefuta kajifunza kwamba amekosa. Aliyepanda nao kajifunza kwamba anaweza kukamata kosa lake mwenyewe bila mwalimu, na huko kwenye chumba cha mtihani mwalimu hatakuwepo.

Kwa hiyo usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, lionekane.

Hatua ya 5: Daftari la makosa

Nikilazimishwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, nitabakiza hii. Nunua kaunta buku moja isiyo na kazi nyingine. Kila kosa lenye maana liingie humo kwa sehemu tatu: nilichoandika, kilichotakiwa, na kwa nini niliandika vile.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu. Neno "uzembe" limepigwa marufuku kwenye daftari hili. Ukiandika "uzembe" hujasema kitu, umejitukana tu. Lile kosa la x = 25 liandikwe hivi: "Nilizidisha 2 kwa −5 nikasahau kwamba ile 2 ina alama ya kutoa mbele yake. Nifungue bano la pili nikiwa nimezungushia −2 pamoja na alama yake." Sasa una kosa lenye dawa yake.

Jumamosi soma daftari lote la wiki. Utaona kitu ambacho huwezi kukiona swali kwa swali: makosa ya mtu mmoja si mengi kama anavyodhani. Yanakuja yale yale yamevaa nguo tofauti. Alama ya kutoa mbele ya mabano iliyokusumbua kwenye milinganyo ndiyo inayokusumbua kwenye majira-nukta unapotafuta mteremko, na ndiyo itakayokusumbua kwenye matrisi. Ukiikamata mara moja umeikamata kwenye mada tatu.

Toa upya, bila kuangalia, maswali ya wiki mbili zilizopita. Yaliyokaa yawekee tiki kwa kalamu ya rangi nyingine. Hizo tiki ndizo ushahidi niliousema. Siku ile moyo ukikuambia huendi popote, usibishane nao, fungua daftari.

Kuna na daftari la makosa la taifa zima, na ni bure. NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na nakala za majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa na watahiniwa wenyewe, na maelezo ya walipopotea. Walimu ndio wanaozisoma zaidi, na ni hasara, kwa sababu anayezihitaji hasa ni mtahiniwa. Soma jibu bovu, jaribu kulisahihisha kabla hujasoma maelezo. Pia utaona kwamba kosa lako limeandikwa na mtu wa mkoa mwingine kabisa, na hiyo peke yake inapunguza upweke.

Hatua ya 6: Changanya mada, hata kama inauma

Vitabu vyetu vimepangwa mada kwa mada: maswali ishirini ya logi, kisha ishirini ya seti. Ukifika swali la tano mkono unajua cha kufanya bila kichwa kuulizwa. Unajiona umeiva. Mtihani unakuja umechanganya kila kitu, na swali halina kichwa cha habari kinachokuambia "mimi ni logi".

Doug Rohrer na Kelli Taylor, watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakijifunza kutafuta ujazo wa maumbo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kundi moja lilifanya mazoezi umbo kwa umbo, jingine likachanganyiwa. Wakati wa mazoezi, waliopanga walipata asilimia 89 na waliochanganya 60. Wiki moja baadaye wote wakapewa mtihani: waliopanga wakapata asilimia 20, waliochanganya 63.

Zisome hizo namba tena, kwa sababu zina habari mbaya kwa anayejipima kwa hisia. Njia iliyokuwa inaonekana inafaa ndiyo iliyoanguka. Na kundi lililofanya vizuri mwishoni ndilo lililokuwa linakosa sana mwanzoni. Kuhangaika kwao kulikuwa sehemu ya kujifunza.

Hali ni hiyo hiyo kwa kusoma na kurudia kusoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, walionyesha kwamba aliyesoma kifungu mara ya pili alikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki alizidiwa na aliyesoma mara moja kisha akajilazimisha kuandika alichokumbuka. Kwa hiyo acha kupitia notsi kwa jicho. Zifunge, andika kanuni unazozikumbuka, fungua uone ulichoacha.

Kwa vitendo: ukishamaliza mada tatu, andika maswali kumi ya kila moja kwenye vikaratasi, vitie kwenye kopo, chomoa vitano kila siku. Kabla ya kutoa swali, sema ni mada gani na kwa nini. Kusema tu kuna kazi yake.

Hatua ya 7: Zile L

Sekondari yetu inafundisha na kutahini Hesabu kwa Kiingereza. Muuza mitumba aliyenunua belo kwa 450,000, akakuta nguo 300, anajua papo hapo kila nguo imemsimamia 1,500, na akiuza 2,500 anabakiwa na 1,000. Faida ni theluthi mbili ya alichotia, yaani kama asilimia 66.7. Mwandikie habari hiyo hiyo kwa Kiingereza cha mtihani, aya nzima, uone anavyoikimbia. Hajashindwa asilimia.

Maneno ya amri kwenye mtihani si mengi. Pitia karatasi za miaka mitano, yaorodheshe, kila moja uliandikie linachokutaka ufanye kwa mkono: rahisisha, tafuta thamani, onyesha kwamba, chora, tumia jibu lililotangulia kutafuta linalofuata. Hilo la mwisho linaangusha wengi, wanaanza upya wakati jibu lao la kipengele cha kwanza lilikuwa limewekwa hapo kuwasaidia. Kisha kila swali la maelezo lisimulie kwa Kiswahili kabla hujagusa kalamu, kama unamhadithia mtu wa nyumbani.

Hatua ya 8: Muda, na watu wa nyumbani

Dakika 40 kila siku ni bora kuliko saa tano za Jumapili. Sina zaidi ya kuongeza hapo, kila mtu anajua nyumba yake inalala saa ngapi. Anayesafiri na daladala achukue vikaratasi viwili mfukoni.

Kuhusu watu, nina la kusema zaidi. Mama anayerisiti akiwa na mtoto kidato cha pili ana bahati asiyoijua. Mtoto akimwambia "Mama, hapo umesahau alama," ajibu tu, "Haya mwanangu, nionyeshe ulivyofanya wewe." Wote wawili wanapata. Mtoto anayeeleza anaelewa zaidi, na anaona kwamba hata mama anakosa, anarekebisha, chai inanyweka.

Chunga na unavyomsifu huyo mtoto. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa darasa la tano Marekani. Baada ya kufanya vizuri, wengine walisifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Wakapewa maswali magumu, wakaanguka wote. Waliporudishiwa maswali ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa kwa akili walifanya vibaya kuliko walivyofanya kabla, na waliosifiwa kwa bidii walipanda. Sisi tuna mazoea ya kumwita mmoja kipanga na mwingine kilaza tangu darasa la kwanza. Kipanga naye huumia: siku akikutana na kigumu cha kwanza, hana la kujiambia.

Usisome na mtu anayekucheka. Pia usisome na anayekupa majibu haraka kwa huruma. Mtafute anayeuliza, "Umefikia wapi?"

Hatua ya 9: Bidii ikigonga ukuta

Dweck mwenyewe amelalamika kwamba watu wameigeuza kazi yake kuwa "jitahidi zaidi". Kujitahidi zaidi kwa njia ile ile iliyokushinda ni kujichosha. Ukiona mada moja imekula wiki mbili na daftari la makosa linaonyesha kosa lile lile bila kupungua, saa za ziada hazitasaidia. Badili kitu: kitabu kingine, mwalimu mwingine, video, kuchora badala ya kuandika, au kurudi mada moja nyuma kwa sababu shimo huenda liko huko.

Ukienda kwa mwalimu usiseme "sielewi vekta". Mpelekee swali, pamoja na mistari uliyoweza, umwonyeshe mstari wa mwisho unaouamini. Atakusaidia kwa dakika tano kile ambacho kingemchukua saa. Mwalimu wa tuisheni anayekataa kuangalia kazi yako akakuandikia tu jibu lote ubaoni, mlipe cha leo utafute mwingine.

Na mada nyingine ziache. Ndiyo, ziache. Daraja D linaanzia alama 30 kati ya 100, C inaanzia 45. Mwenye miezi michache na kazi ya kutwa anayetaka D ya kusafisha cheti achague mada ambazo ameshazishika, aziimarishe mpaka zisitikisike, kisha aongeze moja moja. Atakayetaka C au B ana safari ndefu, lakini inaanzia mlango huo huo.

Hatua ya 10: Karatasi yenyewe

Katika muundo uliotumika miaka ya karibuni, mtihani ni wa saa tatu, maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10. Angalia muundo wa mwaka wako, kwa kuwa mtaala unabadilika. Miezi miwili kabla, anza kufanya karatasi nzima kwa saa, mara moja kwa wiki, mezani, simu chumba kingine. Ukimaliza rudi kwenye herufi zako K, T na L, ulinganishe na karatasi ya kwanza kabisa uliyojipima nayo. Ndiyo maana nilikuambia usiitupe.

Siku yenyewe, soma karatasi yote kwanza, weka alama kwenye maswali unayoyajua. Anza na hayo, hata kama la kwanza ni namba 8. Onyesha kila mstari wa kazi, hata ukiwa na shaka, kwa sababu maelekezo yanataka hivyo na jibu tupu lililokosewa halina cha kumpa msahihishaji. Palipo na x, rudisha jibu kwenye mlinganyo. Palipo na sehemu au asilimia, jiulize kama jibu linawezekana. Swali likikugomea zaidi ya dakika 12, acha nafasi, songa, urudi baadaye. Na kila bano lenye alama ya kutoa mbele yake, lizungushie duara kabla hujalifungua.